Mdhamini Wangu ni Fundi wa Mashine

Nilimaliza stashahada ya usanifu wa michoro mwishoni mwa mwaka 2018, nikarudi nyumbani Tandika na kompyuta ya mkononi iliyokwisha kutumika, fleshi mbili zilizojaa kazi za darasani, na imani kwamba kazi ingenikuta pale pale nilipokaa. Mwalimu wetu mmoja alikuwa ametusisitizia kwamba siku hizi mwajiri hamtafuti mtu mtaani, bali kwenye mitandao ya kitaaluma, ile ya kutafutia kazi kama LinkedIn. Basi nikafungua ukurasa, nikaenda kwa mpiga picha kupata picha ya heshima, nikaandika wasifu kwa Kiingereza nilichokihangaikia wiki nzima, nikaanza kutuma maombi. Kila ombi nililiandika kwenye kauntabuku: tarehe, kampuni, aina ya kazi, na safu ya mwisho ya majibu. Kufikia Aprili 2019 mistari ilikuwa 63. Katika safu ya majibu nilikuwa nimeandika mara nne tu, na zote nne zilisema nitaarifiwa.

Siulaumu mtandao wowote kwa hilo. Wapo wenzangu waliopata kazi nzuri kwa njia hiyo, hasa waliolenga mashirika ya kimataifa na wakala wakubwa wa matangazo wenye ofisi Masaki na Mikocheni. Mimi nilichokuwa sijakielewa ni kwamba sehemu kubwa ya kazi za kubuni katika Dar es Salaam haiko huko. Iko kwa wenye mashine za kuchapa, kwa wanaotengeneza lebo za sabuni na unga wa lishe, kwa wachapaji wa fulana na mabango, na kwa viwanda vidogo vinavyohitaji vifungashio vipya kila mara. Mwenye shughuli ya namna hiyo akihitaji mbunifu haandiki tangazo. Humgeukia fundi wake na kumuuliza, "Huna kijana unayemfahamu?" Kama fundi hakujui, hakuna ukurasa utakaokuokoa, kwa sababu hakuna anayeufungua.

Aliyenitoa ndani ni mama yangu, ambaye anauza mitumba sokoni Tandika. Jioni moja, baada ya kunitazama nikihesabu bando lililobaki kwenye simu, aliniambia, "Mwanangu, mtembea bure si mkaa bure. Hao watu unaowaandikia kila siku, umewahi kuwaona hata mmoja?" Sikuwa nimemwona hata mmoja.

Wiki hiyo hiyo nilichapisha kazi zangu 12 kwenye karatasi za A3, nikaziweka kwenye folda ngumu, nikapanda daladala kwa nauli ya shilingi 400 hadi Kariakoo. Siku mbili za mwanzo zilinivunja moyo. Katika ofisi ya kwanza dada wa mapokezi alinipokea kwa upole, akaniambia niache wasifu, kisha akauweka juu ya rundo la wasifu nyingine ambazo zilikuwa zimeshika vumbi. Nililiona lile rundo vizuri, nikajua kwamba nimebadilisha tu mahali pa kusubiri. Siku ya tatu niliamua kwamba sitaacha tena karatasi mapokezi. Nitaomba kuonana na mtu anayeshika kazi kwa mikono yake.

Ndivyo nilivyoingia katika kiwanda kidogo cha uchapaji upande wa Gerezani, siku ambayo mashine ilikuwa imesimama. Chumba kilinuka wino na mafuta ya taa. Mzee mmoja, fundi mkuu, alikuwa ameiinamia karatasi kubwa iliyotoka mashineni, na jichoni ameshika lenzi ndogo kama fundi saa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Umekuja kuchapa?"

Nikamweleza kwamba ninatafuta kazi ya kubuni. Hakuomba folda. Alininyoshea lenzi na kusema, "Njoo uone kazi ya mwenzako."

Ilikuwa lebo ya achari ya embe. Kwa macho matupu, maandishi madogo ya viambato yalionekana kama yamelowa maji. Chini ya lenzi niliona kila herufi ina ukingo wa buluu upande mmoja na ukingo wa waridi upande mwingine, na njano imechungulia chini yake. Aliyetengeneza faili alikuwa ameunda weusi wa maandishi kwa kuchanganya wino zote nne, saiani, majenta, njano na nyeusi, badala ya kutumia wino mweusi peke yake. Kwenye skrini weusi huo unapendeza na kukolea. Kwenye mashine ya ofseti kila wino una pleti yake, yaani bamba linalobeba picha ya kuchapwa, na mashine ile ilikuwa ya rangi moja, kwa hiyo karatasi ilipita mara nne. Kwa unyevu wa hewa ya Dar es Salaam karatasi hufyonza maji na kutanuka kidogo kati ya mpito mmoja na mwingine, na tofauti ndogo kama unywele inatosha kuiharibu herufi ya ukubwa wa pointi 6. Mafundi huita ulinganifu huo wa rangi rejista. Mzee alikuwa amehangaika na rejista tangu asubuhi, na kosa halikuwa lake.

Darasani tulifundishwa kwamba maandishi meusi yawe ya wino mmoja. Nilikuwa nimelijibu swali hilo kwenye mtihani na kupata alama zote, bila kuelewa hata kidogo kwa nini. Sasa sababu ilikuwa mbele ya jicho langu. Nikaomba nionyeshwe faili. Kompyuta ilikuwa chumba cha pili. Nikabadilisha maandishi yote kuwa ya wino mweusi peke yake. Nilipokuwa humo nikaona pia kwamba rangi ya pembeni inaishia hasa kwenye mstari wa kukatia, nikaiongeza milimita 3 kila upande ili kisu kikiyumba kidogo kisiache mstari mweupe. Ilinichukua kama dakika ishirini. Pleti mpya zikatengenezwa, na jioni karatasi ya kwanza ilipotoka mzee aliitazama kwa lenzi muda mrefu, kisha akanipa na mimi niitazame, bila kusema neno.

Mwenye kiwanda alifika wakati huo, akauliza huyu ni nani. Mzee akajibu kwamba ni binti aliyeirekebisha lebo. Hakuna aliyeniuliza nimesoma chuo gani. Niliambiwa nije kesho yake, kwa kibarua cha shilingi 10,000 kwa siku, siku zenye kazi. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Bahati ya majira nayo ilinisaidia, na lazima niitaje kwa sababu si kila mtu ataikuta. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilianza Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Mwezi Mei wote wenye maduka walikuwa wakihaha kutafuta mifuko mbadala, ya karatasi na ile laini inayofanana na kitambaa, na karibu kila mmoja alitaka jina la duka lake liwepo juu yake. Nembo walizoleta zilikuwa picha zilizopigwa kwa simu kutoka kwenye vibao vya milangoni, au mafaili madogo yaliyotumwa kwa WhatsApp hadi yakachakaa. Mifuko ile laini huchapwa kwa skrini, yaani wino husukumwa kupitia kitambaa cha wavu, mara nyingi kwa rangi moja. Mstari mwembamba hupotea, na kivuli cha rangi mbili hakiwezekani. Kazi yangu ikawa kuzichora upya nembo hizo kwa vekta, yaani michoro ya mistari inayokuzwa bila kuchakaa, kwa rangi moja, mistari iwe minene ya kutosha kushika wino. Katika wiki tano nilichora zaidi ya nembo arobaini. Nilijifunza kuchora mchele, kitoweo, viatu, dawa za asili, mashine za kusaga, na majina ya watu yaliyoandikwa kwa kila namna ya mwandiko.

Hapo ndipo nilipoigeuza ile kauntabuku na kuanza kuandika kutoka nyuma. Badala ya kampuni zisizonijibu niliandika watu niliowaona kwa macho: jina, shughuli, alichohitaji, aliyenileta kwake, na tarehe ya kumpitia tena. Safu ya aliyenileta ndiyo iliyonifunza kuliko zote. Baada ya miezi miwili niliona kwamba zaidi ya nusu ya majina yalikuja kwa watu watatu: yule mzee wa mashine, kijana anayekata karatasi kwenye gilotini, na mama ntilie anayeuza chai na chapati mlangoni, ambaye anawafahamu wenye maduka wote wa mtaa ule kwa majina na kwa madeni. Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu mwenye ukurasa kwenye mtandao wa kitaaluma, na bado kila mmoja alikuwa na nguvu ya kunipa kazi ndani ya siku moja. Nilianza kuwaheshimu kwa namna nyingine kabisa. Nikimaliza kazi iliyoletwa na mmoja wao, nilirudi kumwambia imekwendaje na mteja amelipa au hajalipa, kwa kuwa jina lake lilikuwa rehani pamoja na langu.

Wapo walioniambia kwamba njia hii ni ya kizamani. Mimi hukumbuka kwamba Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora hapa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vibao, alipata soko lake Morogoro Stores, Oysterbay, mahali ambapo wanunuzi walikuwa wakipita kwa shughuli zao nyingine. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka michache sana ya kazi, na mtindo wake hadi leo unabeba jina lake duniani kote. Picha ilitangulia mbele ya mnunuzi, jina likafuata. Sijilinganishi naye, ninasema tu kwamba kuipeleka kazi mahali inapohitajika si jambo la aibu katika jiji hili.

Julai ile nilikwenda kwenye Maonesho ya Sabasaba, barabara ya Kilwa. Sikwenda kutembea wala kununua. Nilikwenda kwa siku tatu, asubuhi kabla umati haujajaa, nikapita mabanda ya wajasiriamali, hasa yale ya wasindikaji waliokuja chini ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973. Pale unaikuta bidhaa, lebo yake na mwenye bidhaa, wote watatu mahali pamoja, na mwenye bidhaa ana muda wa kuzungumza. Nilijiwekea sharti moja: nisimwambie mtu kwamba lebo yake ni mbaya. Nilinunua au niliuliza kwanza, nikasikiliza shida yake, na kama nilikuwa na la kusaidia ndipo niliposema.

Katika banda moja mama aliyekuwa akiuza viungo vya pilau kwenye vikopo alinilalamikia kwamba supamaketi mbili zimemrudishia mzigo kwa sababu mashine zao hazisomi bakodi yake. Alikuwa ameshailipia namba kwa utaratibu halali, inaanza na 620 kama namba zote zinazotolewa Tanzania, na hakuelewa tatizo liko wapi. Nilikichukua kikopo. Mistari ya bakodi ilikuwa imechapwa kwa wekundu uleule mzuri wa nembo yake, juu ya weupe.

"Mama, mashine nyingi za kusomea zinamulika mwanga mwekundu," nilimwambia. "Mwanga mwekundu ukipiga wino mwekundu unarudi sawa na unavyorudi kutoka kwenye weupe. Kwako kuna mistari, lakini kwa mashine hiyo karatasi ni tupu."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa ugonjwa wake baada ya kuzunguka hospitali nyingi. "Hilo tu, mwanangu?"

Karibu hilo tu. Bakodi yenyewe ilikuwa pia imebanwa hadi upana wa kama sentimita mbili, ilhali kipimo chake cha kawaida ni milimita 37.29 na haitakiwi kupunguzwa chini ya asilimia 80 ya hapo. Na maandishi yalikuwa yameingia katika nafasi nyeupe inayotakiwa kuachwa kulia na kushoto. Nilimchorea upya usiku ule, mistari myeusi, kipimo kamili. Siku ya pili nikamletea imechapwa kwenye karatasi, akaenda nayo kwenye duka moja, wakaimulika, ikasoma. Alinipigia simu akiwa pale pale dukani na sauti ya ile mashine nikaisikia. Sijapata kufurahia sauti ndogo kiasi kile.

Mama huyo ndiye aliyenitaja kwa mwenye kiwanda cha vifungashio alichokuwa akinunua vikopo vyake, upande wa barabara ya Nyerere. Niliitwa Oktoba. Meneja aliyenihoji alikuwa mtu wa adabu, na swali lake la pili lilikuwa anwani ya ukurasa wangu wa kitaaluma. Nilimjibu kwamba niliufunga, kisha nikaweka juu ya meza kikopo cha viungo, mfuko mmoja wa duka la viatu, na karatasi mbili za lebo ya achari: ile iliyoharibika na ile iliyorekebishwa, pamoja na lenzi niliyokwisha kununua. Alitumia lenzi. Akaniuliza mdhamini wangu ni nani, nikampa namba ya mzee. Alipiga mbele yangu. Mzee hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema, "Huyo hajanitia hasara ya pleti hata moja," akauliza kama kuna lingine, kwa kuwa mashine ilikuwa inakwenda. Nilianza kazi Jumatatu iliyofuata kwa mkataba wa mwaka mmoja.

Yapo mabaya ya njia hii na sitayaficha. Inakula miguu na nauli. Kwa binti ni ngumu zaidi: wapo wanaume wawili ambao kila mara kazi ilipokamilika walitaka malipo yazungumziwe usiku, na nilijifunza kupokea fedha mchana, mbele ya watu, na kuiacha kazi ambayo haiwezi kulipwa hivyo. Mteja mmoja alichukua nembo niliyomchorea "aitazame tu", akaipeleka kuchapwa kwingine, na hadi leo ninapita mbele ya duka lake nikiiona juu ya mlango. Iliniuma sana. Tangu hapo mteja mpya ninamwonyesha kazi iliyochapwa kwenye karatasi ndogo, na faili analipata akishalipa. Nusu ya fedha ninaichukua kabla sijafungua kompyuta, na bei huandikwa, hata kama ni nyuma ya risiti, na sote wawili tukaweka sahihi. Mzee aliniambia kwamba anayekasirika kuombwa nusu alikuwa hana nia ya kutoa hata robo, na katika miaka yote hii sijaona mfano wa kumpinga.

Kosa lililokuwa langu mwenyewe ni kwamba nilipoajiriwa niliiweka kauntabuku kabatini. Niliona nimefika. Mwaka 2022 kiwanda kilipunguza watu, nami nikiwamo, na nilipoifungua tena nilikuta majina ambayo sikuyapitia kwa zaidi ya miaka miwili. Wengine walikuwa wamefunga maduka, wengine wamehama, na mama ntilie wa Gerezani alikuwa amerudi kwao Lindi. Niliona haya kuwapigia watu simu siku nina shida tu. Nilianza kwa kuwapitia bila kuomba kitu, nikiuliza hali, nikitazama vibao na lebo zao zilivyochakaa. Mteja wa mwaka 2019, mwenye duka la mashine za kusaga, ndiye aliyenipeleka kwa jirani yake aliyekuwa anafungua kiwanda cha kuchapa maboksi. Kuanzia siku niliyoachishwa hadi siku niliyoanza kazi pale zilipita siku 26. Bado niko hapo, na sasa ninasimamia wabunifu wengine wawili, mmoja wao akiwa kijana aliyekuja mlangoni akauliza kwanza fundi ni nani.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi huwa natoka na kauntabuku. Ninapita watu watano au sita, si zaidi, kwa sababu mtu akipitiwa kwa haraka anajua. Jumamosi hii zamu ni ya Gerezani. Mzee amenipigia kusema kwamba hatimaye wamepata mashine ya rangi nne, imetumika lakini nzima, na kwamba ameiweka karatasi ya kwanza pembeni, hataki kuigusa mpaka nifike na lenzi yangu.